Joho Ndani ya Mnara wa Njiwa

Nikipita karibu na mnara wa njiwa wa mama yangu mpaka leo, mdomo unabaki wazi wenyewe. Watu wanadhani nahesabu njiwa. Sihesabu kitu. Bado nashangaa.

Mjomba wangu Nasif Ghubrial ni mwalimu wa Kiarabu, ni shemasi, na ana sauti. Hilo la tatu ndilo lililomponza. Akiimba Wiki ya Mateso, hata wale wanaokuja kanisani kukagua viatu vya wenzao wanainamisha vichwa. Wanawake wanalia, wazee wanajifanya wana vumbi machoni, na matoazi yananyamaza yenyewe kwa adabu. Akimaliza, mjomba anashusha macho chini, mpole kama kondoo. Ukimtazama vizuri, kama mimi nilivyozoea kumtazama, utaona jicho moja linapanda polepole kukagua nani kalia na nani bado.

Kijijini wakamwita mnyenyekevu. Ukimsifu, anafuta hewa kwa mkono: "Mimi ni mdudu tu, ndugu yangu, mdudu." Mama yangu, ambaye ni dada yake na amemjua tangu akiwa na kamasi, alikuwa akinong'ona, "Mdudu gani huyu anayeketi kiti cha mbele?"

Kwetu Minya, padri haombi kazi. Padri akifa, askofu anakuja kuwauliza watu wanamtaka nani, na yule anayetajwa anakimbia. Ndiyo desturi. Anakimbilia shambani, jangwani, kwa shemeji zake. Watu wanamfuata, wanamkamata, wanamburuta akilia mpaka miguuni pa askofu. Anayekimbia ndiye anayefaa, kwa sababu ameuona uzito wa ile kazi. Anayejileta mwenyewe hafai hata kushika chetezo.

Marehemu Abuna Matta, maana padri kwetu tunamwita Abuna, alikamatwa enzi za ujana wake ndani ya tela la majani ya ng'ombe. Walimchomoa huko majani yakiwa masikioni, akalia mpaka askofu wa wakati ule naye akalia. Hadithi hiyo tumenyonyeshwa nayo. Kila mtoto wa kijiji anaweza kukuonyesha mahali tela liliposimama.

Sasa mtu akiisikia hadithi kama hiyo miaka yote, anajifunza nini? Wengine walijifunza kumcha Mungu. Mjomba alijifunza kukimbia.

Na kulikuwa na mtu mwingine, Mwalimu Wahba, anayefundisha hesabu shule ileile ya mjomba. Huyu hakuna aliyemwita mnyenyekevu. Wahba alikuwa usumbufu unaotembea kwa pikipiki. Kila askofu akija, Wahba yuko mbele: Baba Askofu, ng'ambo ya mfereji hakuna kanisa. Baba Askofu, tupe chumba kimoja tu. Baba Askofu, umesahau chumba. Alimfuata askofu mpaka mlangoni mwa gari, siku moja mlango ukambana kidole, akaendelea kuongea kidole kikiwa ndani. Watu wakasema, "Huyu anataka ukubwa." Sauti yake nayo, Mungu anisamehe, ni ya nyati aliyekwama kwenye matope. Akijaribu kuimba, mjomba alikuwa akifumba macho kwa uchungu, kama mtu anayeng'olewa jino.

Abuna Matta akafa wiki chache baada ya Pasaka. Mjomba aliimba mazishini. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Mke wa marehemu, maana kwetu padri anaoa, Bi Hilana, alimshika mikono yote miwili akamwambia, "Nasif mwanangu, umempeleka Abuna mpaka mlangoni pa mbinguni." Mjomba alilia. Nilimwona kwa macho yangu, machozi yalikuwa ya maji kweli. Yashike machozi hayo, tutayarudia.

Habari ikaja kwamba Baba Askofu atafika Ijumaa. Jumatano mjomba akatoweka.

Kijiji kikachemka kwa furaha. "Kakimbia! Nasif kakimbia!" Wazee wakatikisa vichwa: damu ya zamani hiyo, bado iko. Mkewe, Marsa, mwanamke mpole asiyeongopa hata kwa mwenye duka, alikaa kwetu jikoni analia.

"Usiku alikuwa anaomba, wifi," akamwambia mama. "Ananiambia, Marsa, mimi na kazi ile wapi na wapi? Sasa hata sijui kama amekula. Kumbe nimeolewa na mtu anayemwogopa Mungu hivi, na mimi namgombeza kwa sababu ya soksi!"

Mama alikuwa anakanda unga. Akaukanda kwa nguvu zaidi.

Ijumaa asubuhi mama akanituma mnarani nikatoe makinda ya njiwa, maana askofu hawezi kuja kwetu akaondoka bila njiwa waliojazwa ngano. Mnara wetu ni wa udongo, mrefu, una kimlango cha chini cha kuingilia kwa magoti, na ndani vyungu vimejengwa ukutani kutoka chini mpaka juu, kila chungu na familia yake. Nikaingia kwa magoti. Nikasikia mtu anakohoa.

Nilipiga kelele ambayo sitaisimulia.

"Shhh! Mimi ni mjomba wako, ewe nusu diploma!" Ananiita hivyo tangu nilipoacha chuo katikati.

Alikuwa ameketi kwenye mti wa kukanyagia, nywele zake nyeupe kwa vitu ambavyo njiwa huwapa wageni. Chini ya makalio yake kulikuwa na furushi la kitambaa, amelikalia kama kuku anayeatamia. Pembeni mkate wa jua, ule unaoumuliwa juani, jibini, na chupa ya chai. Chai yenyewe ya moto. Nikaelewa kwa nini mama alikanda unga kwa hasira.

"Mjomba, mkeo analia."

"Najua. Ni vizuri."

"Ni vizuri?"

"Watu wanamwona akilia." Akasafisha koo. "Watu wako wapi saa hizi? Askofu kafika? Wananitaja?"

"Mjomba, ulikimbia ili usitajwe."

"Ndiyo, ndiyo, bila shaka. Lakini wananitaja?"

Nikamwambia wanamtaja. Akafumba macho kwa raha, njiwa mmoja akamwangushia begani, hata hakujipangusa. Kisha akanieleza mpango kwa sauti ya mtu anayeagiza samaki: mama yangu atabanwa na wazee, atakataa kidogo, atabanwa tena, halafu atasema mjomba alipo. "Mwambie asiseme mapema. Ikiwa mapema inakosa uzito. Na waje wengi. Wasije watu wawili watatu, hiyo si kukamatwa, hiyo ni kutembelewa."

Nikatoka na makinda yangu. Nilidhani nimeshaona yote.

Kanisani palijaa mpaka uani. Baba Askofu ni mzee mwembamba, anasikiliza kwa kuinamisha kichwa upande mmoja. Akauliza watu wanamtaka nani. Jibu likatoka kama maji ya mfereji uliofunguliwa: "Nasif! Nasif Ghubrial!"

"Yuko wapi?"

"Kakimbia, Baba Askofu! Kakimbia, hataki!"

Vigelegele. Askofu akatabasamu kidogo. Mzee wa kamati akamgeukia mama yangu, akamwita kwa jina langu kama ilivyo desturi: "Umm Rafiq, wewe ni dada yake. Sema alipo."

Hapa mama alitakiwa kukataa kidogo.

"Yuko kwa njiwa wangu," akasema, palepale. "Na mkimchelewesha atawamaliza kwa kuwakalia."

Kanisa likamwagika nje. Wanaume mbele, wanawake wanapiga vigelegele, askofu mwenyewe akasema naye atanyoosha miguu, akafuata na fimbo yake. Marsa alikimbia mbele ya wote, kiatu kimoja mkononi. Bi Hilana, mzee vile alivyo, akashikwa mkono na wajukuu akaja naye, kwa sababu alitaka kumwona aliyelia kama mumewe alivyolia.

Mjomba aliwasikia kutoka mbali. Aliniambia baadaye kwamba alisikia mapema mno. Hakutegemea mama angesema upesi vile. Alidhani ana muda. Na mtu akiwa na muda na furushi, analifungua.

Watu wanne wakajisukuma kimlangoni. Njiwa wakaruka wote kwa pamoja, anga ikawa mbawa tupu. Kutoka ndani sauti ile tamu ikapanda:

"Niacheni! Sistahili! Sistahili!"

"Unastahili!" umati ukajibu.

"Mimi ni mdudu!"

"Unastahili!"

"Ndugu zangu, kama mnanipenda, niacheni!" Ameshika mti wa ndani kwa mikono yote miwili, wamemshika miguu, wanavuta. Wanawake wakaanza kulia. Mimi mwenyewe, ninayejua bei ya chai ile, nilijikuta naitikia pamoja nao. Ndivyo sauti ile ilivyo.

Wakavuta tena. Mti ukaachia, au mjomba aliuachia, sijui. Akatoka kama mzizi wa karoti, na kanzu yake ikanasa kwenye msumari wa mlango, ikachanika kutoka kolani mpaka chini.

Ndani ya kanzu kulikuwa na joho jeusi.

Joho la padri. Jipya, limekaa mabegani kama lililomwagwa juu yake, vifungo vimefungwa vyote isipokuwa kimoja. Alikosa muda wa kulivua, akalifunika kwa kanzu. Manyoya ya njiwa yakawa yanatua juu yake polepole, na juu ya ule weusi kila unyoya ulionekana.

Nimewahi kuwa kwenye mtihani nisiojua hata swali linasema nini; kimya cha mtihani ule ni sherehe ukikilinganisha na hiki. Vigelegele vilikatika katikati. Mwanamke mmoja alibaki na mkono mdomoni, ulimi haujarudi. Mzee wa kamati, aliyekuwa bado ameshika mguu mmoja wa mjomba, akauangalia kama mtu aliyevua kitu asichokijua, akauweka chini taratibu.

Askofu akafika. Umati ukampisha. Akainama, akashika upindo wa lile joho kati ya vidole viwili.

"Kitambaa kizuri," akasema. "Nani fundi?"

Na mjomba, kwa sababu kila mtu akiulizwa na askofu hujibu kabla ya kufikiri, akajibu: "Lutfi, Baba Askofu. Wa Minya, nyuma ya stesheni."

"Anashona vizuri. Alikupima lini?"

Laiti angenyamaza. Laiti njiwa mmoja angemziba mdomo.

"Kabla ya Kwaresima," akasema mjomba.

Ilichukua muda kidogo kufika. Uliona inavyopita katika nyuso, mmoja baada ya mwingine. Kwaresima iko kabla ya Pasaka. Abuna Matta alikufa baada ya Pasaka.

Bi Hilana ndiye aliyesema. Hakupaza sauti. "Nasif mwanangu. Mume wangu alikuwa hai. Ulikuwa unakuja kumsomea, unamnywesha supu." Akamwangalia kwa mshangao tu, kama mtoto aliyepigwa na asiyemtarajia. "Ulikuwa unapimwa?"

Mjomba akavuta kanzu iliyochanika, alifunike joho.

Marsa alikuwa amesimama na kiatu mkononi. Akakivaa. Akafunga kamba zake vizuri, akainuka akarudi nyumbani peke yake, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Nilidhani hapo basi, mambo yamekwisha, twende tukale njiwa. Lakini askofu alisimama wima, akauliza kwa sauti ileile, kama mwalimu anayeendelea na somo: "Haya. Kuna mwingine?"

Nani angejibu? Baada ya lile, hata anayetaka kupiga chafya aliimeza.

"Mimi," nyati akasema kutoka nyuma.

Mwalimu Wahba akajipenyeza mbele, jasho linamtoka, mikono ina oili ya pikipiki.

"Wewe nini?" askofu akamuuliza.

"Mimi naitaka hiyo kazi."

Sikilizeni, joho lilitushtua, lakini hili lilitutikisa vibaya zaidi. Hakuna mtu kijijini kwetu, tangu mafarao walipoacha kujenga, aliyewahi kulisema neno hilo kwa mdomo wake. Watu wakaguna kama waliomwagiwa maji. "Aibu!" "Ondoka mbele ya Baba Askofu!" "Mmoja kaficha, mwingine hana hata haya ya kuficha!" Mzee wa kamati akamshika kola: "Wahba, umerogwa? Mtu hasemi hivyo!"

"Nimesema hivyo," Wahba akasema. "Niachie kola, hili ndilo shati langu la kanisani."

Askofu akainamisha kichwa upande. "Unaitaka kwa nini?"

"Kwa sababu ya ng'ambo ya mfereji, Baba Askofu. Utaniambia nimeanza tena."

"Umeanza tena. Endelea."

"Abuna Matta miaka hii ya mwisho hakuweza kupanda pikipiki, magoti yalikataa. Nani avuke? Kule watoto wanabatizwa wakiwa na meno, wanamng'ata padri. Bultus mchunga nyati wa maziwa alipokuwa anakufa aliniuliza, Abuna amefika? Nikamwambia yuko njiani. Akauliza tena. Nikamwambia yuko darajani." Akajifuta uso, oili ikamchora shavuni. "Hakuwa darajani. Hakuwa popote. Nilimdanganya mtu anayekufa, na sitaki kumdanganya mwingine. Basi. Kama una mtu mwingine atakayevuka, mwekee mkono kichwani leo, nitampa pikipiki yangu na sitakusumbua tena maisha."

"Hilo la mwisho linanivutia," askofu akasema. "Na nikikuweka ng'ambo tu? Si kanisa hili kubwa. Hakuna viti kule, hakuna kipaza sauti."

"Kanisa hili mimi la nini? Lina watu."

"Na sauti yako?"

"Sauti yangu mnaijua wote. Mungu ndiye aliyeniumbia, avumilie."

Askofu akatugeukia sisi. Akasema kutamani si dhambi, Mtume mwenyewe katika waraka wake aliisifu tamaa ya kazi ile. Tuangalie tu mtu akitamani, jicho lake limetazama kazi au limetazama kiti. "Mmezoea kumsaka anayekimbia," akasema, "mpaka mkafundisha watu mbio." Akaondoka. Hata njiwa hakula. Mama hajamsamehe mjomba kwa hilo mpaka leo.

Hakumweka Wahba siku ile. Aliondoka kama alivyokuja, na kiangazi chote kikapita.

Mjomba hakuimba kiangazi chote. Alikaa kanisani kwenye benchi la mwisho, karibu na viatu. Marsa alirudi kumpikia, lakini hakumgombeza tena kwa soksi, na mjomba aliniambia afadhali angegombezwa. Marsa alilifua lile joho, akalipiga pasi, akalitundika sebuleni ukutani, penye picha ya Bikira. Kila mjomba akitoka, anapita mbele yake. Kila akirudi, linamngoja.

"Nilichome moto?" aliniuliza siku moja.

"Kitambaa kizuri," nikamwambia. Alinirushia kikombe.

Mwezi wa kwanza wa baridi, barua ya kumwita Wahba ikafika. Asubuhi ile mjomba akalitoa joho ukutani. Alikuwa na mfuko, ulikuwa mezani palepale, hakuutumia. Akalibeba mkononi, wazi, akapita nalo barabara kuu, mbele ya duka, mbele ya wavuta shisha, mbele ya shule watoto wakitoka. Watoto wakaanza, "Sistahili! Sistahili!" Hakuharakisha. Mimi nilimfuata nyuma mdomo wazi, kama kawaida yangu.

Alisimama kwanza kwa Bi Hilana. Sikuingia. Alikaa humo muda mrefu, akatoka macho mekundu, na safari hii hakuna jicho lililopanda kukagua nani kaona.

Wahba alikuwa chini ya pikipiki. Akatoa kichwa.

"Utahitaji joho," mjomba akasema.

Wahba akaangalia lile joho, akamwangalia mjomba. "Halitanitosha, Nasif. Tazama tumbo hili."

"Dada yangu ataliachia mbavuni."

"Na watu wakicheka?"

"Watanicheka mimi."

Wahba akasimama, akafuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Njoo ng'ambo unifundishe nyimbo," akasema. "Mimi naua kila kitu."

"Kule hakuna mtu wa kusikia," mjomba akasema, na nadhani alijisikia mwenyewe, maana akawa mwekundu mpaka shingoni.

"Ndiyo," Wahba akasema. "Hakuna."

Mama aliachia mbavu za joho kwa vipande vya kitambaa kingine, na weusi haukulingana. Abuna Wahba anavaa hivyo mpaka sasa, mistari miwili pembeni kama punda milia. Askofu alipoiona siku ya kumwekea mikono, aliigusa kwa vidole viwili, akatabasamu, hakuuliza fundi.

Ibada ya kwanza ng'ambo ya mfereji ilikuwa kwenye ghala la marehemu Bultus, vikongwe kadhaa, watoto wenye meno, nyati mmoja mlangoni. Abuna Wahba alianza kuimba, na yule nyati akageuza kichwa akidhani anaitwa na ndugu yake. Ilipofika zamu ya watu kuitikia, hakuna aliyejua kuitikia. Abuna akawa ameshika mkate mikononi, anangoja.

Ndipo sauti ikatoka nyuma, karibu na magunia ya majani. Haikupanda. Ilikaa chini, polepole, sentensi kwa sentensi, ili wale vikongwe waifuate. Wakaifuata.

Tulipotoka, bibi mmoja asiyeona vizuri akamshika mjomba kanzu. "Nani aliyekuwa anaimba, mwanangu?"

Nikangoja. Namjua. Angetaja jina lake, la baba yake na la babu yake, pamoja na mwaka aliopata ushemasi.

"Shemasi tu, bibi," mjomba akasema.

Nilishtuka kuliko siku ya joho, wallahi. Kisha nikamwona, tukivuka daraja, akigeuza shingo kidogo, kidogo sana, kutazama kama bibi yule bado amesimama pale anamsikiliza. Akagundua namwona. Akaitazama barabara.

"Nyamaza," akasema, nami sikuwa nimesema kitu.